Wakili, niuache ukimbizi niwe Mwana-Afrika Mashariki?

Swali: Wakili, jambo. Niko muuguzi wa A1 (daraja la uuguzi la kwetu Kongo), nilisomea Bukavu. Nilifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hapa Kenya, mwaka wa 2014 na bwana yangu na mtoto mmoja. Wawili wengine wamezaliwa hapa. Nafanya kazi kwenye kliniki ya kambi, ile ya insentivu, yaani posho badala ya mshahara. Tangu huu mpango wa serikali unaoitwa Shirika, wa kugeuza kambi kuwa miji, utangazwe tunasikia maneno mengi: mara kambi zinafungwa, mara tumeruhusiwa kufanya kazi popote Kenya. Rafiki yangu anasema Kongo sasa iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo niandike barua ya kuachia ukimbizi, nitapata kazi Nairobi kama raia wa Jumuiya. Nimechoka na kambi. Niiandike? (Msomaji, Kakuma)

Jibu: Mama (nitakuita hivyo, maana ndivyo Wakongo mnavyoheshimiana), barua hiyo usiiandike bado. Nasema bado kwa sababu rafiki yako hakukudanganya. Kifungu anachokitaja kimo kweli katika sheria ya Kenya. Ila amekisoma nusu, na miba imo katika ile nusu aliyoiruka.

Nianze na sheria yenyewe, kwa kuwa Shirika ni mpango tu, na mpango hauwezi kumpa mtu haki ambayo sheria haikumpa. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilitiwa saini na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 17 Novemba mwaka huo, ikaanza kutumika 21 Februari 2022. Ndiyo iliyofuta ile ya 2006 na kuunda Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, DRS, ambayo ndiyo unayopanga foleni mlangoni pake. Ukiisoma kwa makini utaona imeandikwa na mikono miwili. Mkono mmoja unampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kufungua biashara, na kutumia taaluma yake. Mkono wa pili unamwambia akae katika maeneo yaliyotengwa. Huwezi kuelewa kwa nini iko hivyo bila kujua ilikotoka.

Kabla ya 1991 Kenya ilikuwa na wakimbizi elfu kumi na kitu tu, wengi wao Waganda. Waliishi walikotaka na kufanya kazi walizozijua. Wako Wakenya wengi wa makamo waliofundishwa sekondari na walimu Waganda, na hakuna aliyewauliza walimu hao wanatoka kambi gani, kwa kuwa kambi hazikuwapo. Kisha ndani ya mwaka mmoja Siad Barre akaanguka Somalia na Mengistu akaanguka Ethiopia, na vita vya Sudan vikazidi kuwaka. Kambi ya Dadaab ikafunguliwa 1991, ya Kakuma 1992, na watu wakaja kwa mamia ya maelfu. Serikali ikaiachia UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, karibu kila kitu: kuandikisha, kuamua nani ni mkimbizi, kulisha. Kwa muda wa miaka 15 hivi nchi haikuwa hata na sheria yake ya wakimbizi. Kambi zilizokusudiwa kuwa za miezi zikapata shule, misikiti, makanisa na makaburi.

Baadaye ikaja hofu ya usalama. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini warudi kambini. Julai 2013 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu akaifuta amri hiyo katika kesi iliyoletwa na Kituo cha Sheria. Miezi miwili tu baadaye likatokea shambulio la Westgate. Aprili 2014 maelfu ya watu, Wasomali hasa, walikamatwa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na kupelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa vipande, yaani vitambulisho. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na siku chache baada ya hapo Naibu wa Rais wa wakati huo, William Ruto, akaipa UNHCR miezi mitatu kuwaondoa wakimbizi wa Dadaab. Mwaka uliofuata serikali ilitangaza kuifunga Dadaab na kuivunja idara iliyokuwa ikishughulikia wakimbizi. Februari 2017 Jaji John Mativo akasema kuifunga hivyo ni kinyume cha Katiba. Machi 2021 Waziri Fred Matiang'i alirudi na makataa mengine, siku 14, safari hii kwa kambi zote mbili.

Sasa tazama: waliotoa makataa ya siku 14 Machi ndio walioleta sheria ya kuwapa wakimbizi haki ya kufanya kazi Novemba. Na Ruto aliyetoa miezi mitatu 2015 ndiye aliyezindua Shirika jijini Nairobi tarehe 28 Machi 2025, akiwa Rais, na Filippo Grandi, mkuu wa UNHCR wakati huo, akiwa karibu yake. Wako wanaoliita hilo unafiki. Mimi nadhani ni hesabu. Serikali ilijaribu kuwafukuza ikashindwa kortini, na fedha za wafadhili zikaendelea kupungua, na watu wenyewe wakapita 800,000. Ikabaki njia ya kuzigeuza kambi kuwa miji. Lakini hofu ya 2014 haikufutwa. Ilikunjwa ikawekwa ndani ya sheria mpya, na ndiyo ule mkono wa pili ninaousema.

Kwa hiyo kwa swali lako la kwanza, kama mmeruhusiwa kufanya kazi popote, jibu ni kwamba kazi ndiyo, popote hapana. Waziri anaweza, akishauriana na kaunti, kutangaza katika Gazeti Rasmi maeneo ya kupokea wakimbizi, na Kamishna wa Wakimbizi anaweza kumtaka mkimbizi akae katika eneo hilo au ahamie jingine. Ukitaka kutoka Kakuma kwenda Nairobi bado unaomba pasi ya kutoka kambini, na pasi inataka sababu: hospitali, masomo, usaili. Wako Wakongo wengi wanaoishi mitaa ya Nairobi kama Kayole na Kabiria, wengine kwa ruhusa, wengine kwa ujasiri tu. Askari anayekusimamisha usiku hatakuuliza kifungu cha 28 cha sheria hiyo, kile cha haki za mkimbizi, kinasema nini.

Nalo neno lenyewe, Shirika, limeleta mkanganyiko wa aina yake. Kambini "shirika" ni wale wenye magari meupe na vizibao, basi mtu akisikia "Mpango wa Shirika" anadhani ni mradi mwingine wa NGO utakaoisha bajeti ikiisha. Waliolichagua walikuwa wanafikiria kushirikiana: wakimbizi na wenyeji kutumia shule moja, hospitali moja, soko moja, chini ya serikali ya kaunti badala ya UN. Mpango unakwenda hadi 2036. Kakuma imeshapewa hadhi ya manispaa. Hilo ni zito kuliko linavyosikika, kwa sababu manispaa ina barabara, ina taka za kuzoa, ina kodi ya kukusanya. Wakati IFC, tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi, lilipopima soko la Kakuma 2018, lilikuta biashara zaidi ya 2,000 na mzunguko wa dola milioni 56 kwa mwaka. Kaunti ya Turkana ilikuwa inatoza leseni za maduka kambini kabla ya kuwapo neno Shirika.

Ila wenyeji Waturkana wana maswali yao na si ya kupuuzwa. Wao wanauliza: ardhi ya malisho ikigeuzwa mji wa kudumu, nani ataulizwa? Kwa Katiba, asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya isipokuwa kwa kukodi, tena si zaidi ya miaka 99, kwa hiyo anayekuuzia "ploti" Kakuma au Kalobeyei anakuuzia kesi. Na mpango wenyewe umezaliwa mwaka mbaya. Marekani ilibana misaada mwanzoni mwa 2025, mgao wa chakula ukakatwa, na tangu Agosti 2025 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ikaanza kuwagawa watu katika makundi kwa kadiri ya uhitaji, wa kundi la mwisho hawapati kitu. Unayajua hayo kuliko mimi. Kumwambia mtu "jitegemee" na kumnyima pasi siku hiyohiyo ni jambo ambalo sijasikia waziri yeyote akilieleza vizuri.

Sasa nije kwenye barua yako.

Kifungu kinasema hivi kwa maneno ya kawaida: mkimbizi anayetoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza, kwa hiari yake, kuacha hadhi ya ukimbizi ili afaidi haki zinazotokana na Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ya Soko la Pamoja. Kilipoandikwa, Kongo haikuwamo. Kongo imekuwa mwanachama kamili Julai 2022, na Somalia Machi 2024. Sudan Kusini ilikuwamo tangu 2016. Kwa hiyo kifungu kilichokuwa kidogo kikajikuta, bila neno hata moja kubadilishwa, kinawagusa wengi wa wakimbizi wa Kenya. Jirani zako Waethiopia na Wasudani wa Khartoum hawamo. Ninyi mmo.

Rafiki yako anaona hapo mlango. Mimi naona kwanza swali: ukiacha ukimbizi, utabaki nani? Utabaki Mkongo aliye Kenya. Na Mkongo aliye Kenya anahitaji karatasi ya Kongo. Kutumia Soko la Pamoja lazima uwe na pasipoti au kitambulisho cha nchi yako, uwe na mkataba wa kazi, na uombe kibali cha kazi. Ndiyo, bado kibali! Watu wengi hudhani Jumuiya imefuta vibali. Itifaki iliyoanza kutumika Julai 2010 ilirahisisha tu: kila nchi iliorodhesha aina za wafanyakazi inaowapokea, na Kenya haiwatozi raia wa Jumuiya ada ya kibali kama inavyowatoza wengine. Kibali chenyewe kipo palepale.

Karatasi ya Kongo utaipata wapi? Wakongo wa umri wako wengi, kitambulisho pekee mlichowahi kushika ni kadi ya mpiga kura, kwa kuwa nchi ilikaa miongo bila kutoa kitambulisho cha taifa. Kama hata hiyo ilibaki nyumbani siku ya kukimbia, itakubidi uende ubalozi wa Kongo Nairobi kuomba pasipoti. Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo ufikiri, kwa sababu Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unasema mtu anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake si mkimbizi tena. Kuomba pasipoti ubalozini ni dalili ya kwanza inayotazamwa. Ukifanya hivyo kisha kazi ya Nairobi ikakosekana, utakuwa umelipa bei bila kupata mali.

Jiulize pia ulimkimbia nani. Hili si swali la kortini tu. Kama uliikimbia serikali ya Kinshasa au watu wake, ubalozi ni nyumba yao. Kama uliwakimbia waasi, hatari ya ubalozini ni ndogo zaidi, na ninawajua Wakongo wa hali hiyo waliopima wakaona inafaa. Lakini Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Hata kama Kinshasa haina neno na wewe, ukija kunyimwa kibali Kenya na kuambiwa uondoke, utaondoka kwenda wapi?

Maana huo ndio ulinzi utakaouacha. Leo, ukiwa na kipande cha mkimbizi, hakuna afisa anayeruhusiwa kukurudisha mahali ambapo maisha yako yako hatarini. Sheria ya Kenya inamkataza, na Mkataba wa 1951 na ule wa nchi za Afrika wa 1969 inamkataza. Ukishakuwa mgeni wa kawaida mwenye kibali, kibali kikiisha unafukuzwa kama mgeni yeyote. Kuna na faili lako la UNHCR. Najua Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi Januari 2025 na wengi wa Kakuma waliokuwa wameshafika hatua ya mwisho wamebaki na mabegi yamefungwa. Hata hivyo faili lililosimama si sawa na faili lililofungwa, na ukiacha ukimbizi faili linafungwa. Ukitaka kurudi utaanza upya kama mwomba hifadhi, na swali la kwanza la afisa litakuwa: mbona mwaka jana ulisema huhitaji?

Je, iko siku barua hiyo itafaa? Iko. Mtu aliye na pasipoti tayari, aliye na mkataba wa kazi mkononi au biashara inayosimama, ambaye hatari iliyomkimbiza imekwisha, na ambaye hasubiri safari ya nje, huyo kwake kipande cha mkimbizi kinaweza kuwa pingu kuliko ngao. Wewe katika hayo manne sioni hata moja ulilonalo bado.

Kwa hali yako iko njia nyingine ambayo haikuvui kitu: kibali cha kazi cha daraja M. Hicho ni kibali cha wakimbizi, hakilipiwi ada, na unabaki mkimbizi ukiwa nacho. Unahitaji kipande cha mkimbizi kisichopitwa na tarehe, barua ya mwajiri anayekutaka, na barua ya DRS ya kukupendekeza, kisha maombi yanakwenda Uhamiaji. Nisikufiche: vinavyotolewa ni vichache, na pengine kwanza unazungushwa wee. Kikwazo kikubwa ni barua ya mwajiri, kwa sababu waajiri wengi hawajui kibali hiki kipo. Nenda nayo sheria imechapwa, mwonyeshe.

Kwako wewe muuguzi kuna mlima kabla ya mwajiri. Sheria inasema haki ya kutumia taaluma ni kwa mwenye sifa zinazotambuliwa na mamlaka za Kenya. Hilo ni Baraza la Wauguzi. Baraza halijui A1 ni nini. Wao wanajua cheti, diploma na digrii. Itabidi diploma yako na matokeo ya kila mwaka yatafsiriwe kutoka Kifaransa na mtafsiri anayekubalika, na kwa kawaida Baraza litataka uthibitisho kutoka shule uliyosoma. Kama shule yako bado ina mtu anayejibu simu, mpigie wiki hii, usingoje kupata mwajiri kwanza. Kama nakala zako zilibaki Bukavu, mtafute mwalimu au mwenzako wa darasa aliye mahali penye usalama akusaidie kupata nakala zenye mhuri. Kazi hii inaweza kuchukua mwaka. Lakini utambuzi wa Baraza ni wako daima, uwe mkimbizi, uwe raia wa Jumuiya, uwe umehamia kwingine. Ndiyo karatasi pekee katika habari hii yote isiyotegemea serikali gani iko madarakani.

Hiyo insentivu nayo niiseme. Mkimbizi asiye na kibali hakuweza kulipwa mshahara kisheria, kwa hiyo mashirika yakabuni "motisha", na muuguzi Mkongo akawa anashika zamu moja na muuguzi Mkenya kwa sehemu ndogo ya pesa. Sheria ya 2021 imeondoa kisingizio hicho nusu tu, kwa sababu mwajiri atakuambia, kibali kiko wapi? Ukikipata, muulize mwajiri wako wa sasa kwa maandishi kama atakuajiri kwa mkataba. Mumeo, kama anafanya biashara, yeye mambo yake ni mepesi zaidi ndani ya Kakuma: leseni ya kaunti na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, kwa kipande chake. Na yeyote atakayewaambia barua ya DRS au huduma ya UNHCR ina bei, hata "ya chai", mjue ni mwizi.

Kuhusu watoto. Wale wawili waliozaliwa Kakuma si Wakenya kwa kuzaliwa huko. Katiba inataka mzazi mmoja awe raia. Kifungu cha 15 kinamruhusu aliyekaa kihalali miaka saba kuomba uraia, na ninyi mmeshaipita miaka hiyo, lakini kwa vitendo mlango huo haujafunguliwa kwa wakimbizi, na Shirika halijaufungua. Vyeti vya kuzaliwa ni jambo jingine. Hivyo ni haki yao, vinatolewa na serikali ya Kenya, na bila hivyo siku moja watashindwa kuthibitisha kwa Kenya wala kwa Kongo kwamba wao ni watoto wa nani. Kama kliniki iliwapa ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa na hamkuifuatilia, ifuatilieni sasa, hata kama mwaka huu hamtaomba kitu kingine chochote.